Pesa za Watani: Utangulizi kwa Anayeanza Kusoma Hesabu za Klabu

Huenda umefungua kurasa hizi kwa sababu wewe ni wa Msimbazi, shabiki wa Simba, na unatafuta ushahidi kwamba Yanga wanaishi kwa kubebwa. Huenda wewe ni wa Jangwani, shabiki wa Yanga, na una hamu ya kusikia kwamba Simba, yule Mnyama, ana madeni hadi shingoni. Usione haya. Wanafunzi wangu karibu wote huingia katika somo hili kwa mlango huohuo, na wiki ya kwanza hukaa kwa rangi: wekundu upande wa dirisha, njano na kijani upande wa mlango. Kufikia wiki ya nne huwa wamechanganyika, maana hesabu imewaonyesha jambo ambalo ubishi wa vijiweni haukuwahi kuwaonyesha. Nami nina timu yangu tangu utotoni. Sitaitaja.

Somo lenyewe ni uchumi wa klabu za mpira: pesa inaingiaje, inatokaje, nani anamiliki nini, na mtu akitia mtaji wake humo atarajie nini. Wengi huliogopa wakidhani ni la wahasibu. Unachohitaji ni kujumlisha, kutoa, kugawanya na asilimia, pamoja na swali moja utakaloliuliza kila unapotajiwa kiasi cha pesa: shilingi hii itarudi tena mwakani?

Tuanze mbali na uwanja. Wafikirie mama ntilie watatu wenye vibanda jirani, kila mmoja ana Sh500,000 mkononi leo. Wa kwanza ameipata kwa kuuza wali maharage mwezi mzima. Wa pili ni zamu yake katika upatu, na miezi ijayo atakuwa akitoa ili wenzake nao wapate. Wa tatu katumiwa na kaka yake aliye Muscat. Ukihesabu noti, wote ni sawa. Ukiuliza swali letu, hawafanani hata kidogo. Pesa ya wa kwanza ni mapato, yaani malipo ya kitu alichouza, na wateja kesho watasikia njaa tena. Ya wa pili inafanana na mkopo. Ya wa tatu ni fadhila, na itategemea kaka yake aliamkaje. Kama umewaelewa kina mama hawa, umeshashika msingi wa kila nitakachosema hapa chini.

Sasa tuvuke barabara tuingie Kariakoo, yalipo makao ya klabu zote mbili. Yanga ilianzishwa mwaka 1935, na mtani wake mwaka uliofuata. Huyo wa pili aliitwa majina kadhaa, Sunderland likiwemo, kabla ya kuwa Simba mwaka 1971. Zilizaliwa kama klabu za wanachama, si kampuni. Hakukuwa na mtu aliyetia mtaji akitarajia faida. Palipokosekana nauli ya kwenda Mwanza au pesa ya kumsajili mshambuliaji, alitafutwa mtu mwenye uwezo. Tukamwita tajiri.

Hapo ndipo mgeni hupotea mara ya kwanza, kwa sababu neno tajiri limemeza maneno manne ambayo Kiswahili kinayo na kinayatofautisha vizuri. Mfadhili anatoa na hadai kitu. Mdhamini ananunua kitu: kifua cha jezi, jina la mashindano, sura za wachezaji kwenye tangazo; akiona havimletei wateja, ataondoka, na ana haki. Mkopeshaji anatoa akisubiri kurudishiwa. Mwekezaji anatoa pesa na kuchukua sehemu ya umiliki, kwa hiyo faida ni yake na hasara pia ni yake. Mtu mmoja anaweza kuvaa kofia zote nne kwa siku moja. Asubuhi kampuni yake inadhamini jezi, mchana anaikopesha klabu pesa za mishahara, jioni anatoa bonasi kutoka mfukoni mwake, na usiku anajadiliana juu ya hisa. Hakuna ubaya wowote hapo, ila asiyeuliza ni kofia ipi iliyolipa shilingi ipi hataelewa hesabu za klabu hiyo milele.

Chukua mwaka 2016, mwaka ninaoupenda kufundishia kuliko mingine yote. Katika mwaka huo watani wote wawili walipelekewa mapendekezo na matajiri wao, na mapendekezo yenyewe hayakufanana. Yusuf Manji, aliyekuwa mwenyekiti wa Yanga, alipendekeza kuikodi timu na nembo kwa miaka 10: asilimia 75 ya faida iende kwake, 25 ibaki kwa klabu. Mohammed Dewji aliiambia Simba kwamba angetoa Sh20 bilioni achukue asilimia 51 ya hisa. Vijiweni yote mawili yaliitwa "tajiri anataka kuichukua timu". Lakini kukodi nyumba si kununua nyumba. Mpangaji hana sababu kubwa ya kujenga ukuta ambao mkataba ukiisha atamwachia mwenye nyumba, na mwenye nyumba, kwa upande wake, atarudishiwa funguo zake. Mnunuzi atajenga, ila hatoki. Ukiwa mwanachama unayepiga kura, hayo ni maswali mawili tofauti, na wengi walipiga kelele bila kujua wanajibu lipi.

Mpango wa kukodi haukufika popote, na Manji alijiuzulu mwaka 2017. Baada yake Yanga ilipita kipindi cha kutembeza bakuli, mashabiki wakichangishwa ili timu isafiri na wachezaji walipwe. Mpango wa Simba uliendelea, lakini serikali iliweka sharti: klabu zilizoanzishwa na wanachama zibaki na asilimia 51 mikononi mwa wanachama, na mwekezaji asizidi 49. Desemba 2017 Dewji alitangazwa mshindi wa zabuni, kwa Sh20 bilioni zilezile.

Chukua kalamu. Kama asilimia 49 ni Sh20 bilioni, klabu nzima ni kiasi gani? Gawanya 20 kwa 0.49. Unapata takriban bilioni 40.8. Mwanafunzi wangu mmoja aliruka hapo akisema Simba basi ilikuwa na thamani ya bilioni 40. Subiri kidogo. Ikiwa Sh20 bilioni zinaingia ndani ya klabu, basi bilioni 40.8 ni thamani baada ya pesa hiyo kuingia. Ukizitoa, Simba yenyewe, pamoja na jina lake, mashabiki wake na makombe yake, imethaminiwa kwa takriban bilioni 20.8. Wanauchumi huzitofautisha: thamani kabla ya mtaji na thamani baada ya mtaji. Na kama hisa zinanunuliwa kutoka kwa wenye nazo, pesa inaingia mifukoni mwao na klabu haipati hata mpira mmoja. Mara zote uliza kwanza: hundi inaandikwa kwa jina la nani?

Je, bilioni 20.8 ni nyingi au kidogo? Hilo linategemea klabu inaweza kuingiza kiasi gani kila mwaka, kwa hiyo twende kwenye mapato.

Ya mlangoni ndiyo yanayoonekana, na ndiyo yanayodanganya. Uwanja wa Benjamin Mkapa, uliofunguliwa mwaka 2007, una viti 60,000. Tuchukulie, kwa mfano wa darasani tu, kila kiti kimeuzwa Sh5,000. Ni Sh300 milioni. Humo kuna kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Mwenye haraka atatoa asilimia 18 ya milioni 300, apate milioni 54, na atakuwa amekosea, kwa sababu bei ya tiketi imeshabeba kodi ndani yake. Tunagawanya kwa 1.18: inabaki kama milioni 254, na kodi ni kama milioni 46. Hapo bado kuna makato ya uwanja, ambao ni mali ya serikali, na ya vyombo vinavyosimamia mpira. Kisha kumbuka kwamba uwanja haujai kila wiki. Timu ya mkiani ikija siku ya Jumatano jioni, hata ukihesabu mara mbili hutafika mbali.

Udhamini ni mnono zaidi, na hapa magazeti hutupotosha bila kukusudia. Katikati ya mwaka 2022 Yanga walisaini na kampuni ya kubashiri ya SportPesa mkataba wa takriban Sh12.3 bilioni. Muda mfupi baadaye Simba walisaini na M-Bet, nayo ya kubashiri, mkataba wa Sh26.1 bilioni. Vijiweni ilisemwa kwamba Simba wamepata zaidi ya mara mbili. Tazama miaka: wa Yanga ulikuwa wa miaka mitatu, wa Simba mitano. Gawanya. Yanga ni kama bilioni 4.1 kwa mwaka, Simba kama bilioni 5.2. Tofauti ipo, ila ni ya kawaida. Tena shilingi itakayolipwa mwaka wa tano si sawa na ya leo, maana bei zitakuwa zimepanda na mkataba wenyewe unaweza kuvunjika njiani. Sisi husema pesa ina umri: kadiri inavyochelewa, ndivyo inavyopungua thamani.

Kuhusu mkataba kuvunjika, waulize Wakenya. Gor Mahia na AFC Leopards, mashemeji wa Nairobi, walikuwa wakitegemea SportPesa. Mwaka 2019 kampuni hiyo ilipogombana na serikali ya Kenya juu ya leseni na kodi, ilisitisha udhamini wake wa michezo nchini humo, na klabu zote mbili zikabaki na jezi zisizo na mdhamini. Hazikufungwa goli lolote. Kilichobadilika ni sera ya kodi. Wataalamu huita hali hiyo mkusanyiko wa mapato, yaani kutegemea chanzo kimoja mno. Kwa wanaotegemea kampuni za kubashiri, na huku kwetu ni wengi, ningependa kila kiongozi wa klabu aibandike habari hiyo ukutani.

Haki za matangazo huuzwa na ligi kwa pamoja. Mwaka 2021 Azam Media walikubaliana na shirikisho la soka nchini, TFF, kulipa Sh225.6 bilioni kwa miaka 10, wastani wa bilioni 22.6 kwa mwaka, na fungu hilo linahudumia ligi yenye timu 16. Shilingi hii hurudi kwa uhakika zaidi, lakini hailengi watani peke yao.

Zawadi za CAF, shirikisho la soka la Afrika, zina tabia nyingine. Msimu wa 2022/23 Yanga walifika fainali ya Kombe la Shirikisho, wakaikosa kwa kanuni ya goli la ugenini dhidi ya USM Alger, na zawadi ya mshindi wa pili ilikuwa dola milioni 1. Msimu huohuo Simba waliishia robo fainali ya Ligi ya Mabingwa kwa penalti mbele ya Wydad, na hatua hiyo ilikuwa na dola 900,000. Nchi nzima ilisherehekea fainali moja na kusahau robo fainali moja, ilhali kwa mhasibu zilikaribiana. Na hizi ni pesa zinazotegemea mguu wa mtu mmoja dakika ya 90. Anayepanga mishahara ya mwaka mzima kwa matarajio ya zawadi za CAF anacheza kamari bila kwenda kwenye duka la kubeti.

Kuna jambo linalowasumbua wanafunzi kuliko yote, kwa hiyo nitatulia hapo. Ni tofauti kati ya faida na fedha taslimu. Klabu inamsajili mchezaji kwa Sh300 milioni, mkataba wa miaka mitatu. Pesa imetoka leo yote. Lakini katika hesabu za faida na hasara mhasibu ataandika milioni 100 kila mwaka, kwa kuwa huduma ya mchezaji inatumika kidogo kidogo. Tuuite mgawo wa gharama. Baada ya miaka miwili, vitabuni mchezaji huyo amebaki na thamani ya milioni 100. Akiuzwa kwa milioni 250, klabu itatangaza faida ya milioni 150 juu yake, ingawa jumla iliyotoka na kuingia inaonyesha upungufu wa milioni 50. Hakuna aliyedanganya. Gharama ilishaandikwa katika miaka miwili iliyopita, na faida inaandikwa sasa.

Na je, milioni 250 zenyewe zimefika? Januari 2013 Simba walimuuza Emmanuel Okwi kwa Étoile du Sahel ya Tunisia kwa dola 300,000. Siku ile ungeweza kuandika mauzo hayo kitabuni na kutabasamu. Malipo yakawa hadithi ndefu, suala likafika FIFA. Mauzo yaliyoandikwa lakini hayajalipwa huitwa wadaiwa, na huwa yanakaa upande wa mali katika mizania, yaani ile taarifa inayoonyesha klabu inamiliki nini na inadaiwa nini kwa siku fulani. Mishahara hailipwi kwa wadaiwa.

Sasa nikupeleke kwenye chumba cha ndani. Mwaka 1964 mwanauchumi Mmarekani Walter Neale aliandika makala akionyesha kwamba biashara ya michezo ni ya ajabu. Mwenye duka hufurahi jirani yake akifunga duka. Lakini bondia Joe Louis angeingiza nini bila Max Schmeling? Mpinzani imara ni sehemu ya bidhaa. Kwa Kiswahili hatukumhitaji Neale, kwani tayari tulikuwa na neno utani. Mtani si adui. Ni mtu unayemcheka msibani kwake, na msiba wako bila yeye haunogi.

Tazama ubingwa. Kuanzia msimu wa 2014/15 hadi 2024/25, misimu 11, kombe halikutoka Kariakoo: Yanga mara tatu wakati wa Manji, Simba mara nne walipokuwa na Dewji, kisha Yanga mara nne wakiwa na tajiri wao mwingine, kampuni ya GSM. Usikimbilie kusema pesa inanunua ubingwa, kwani ubingwa nao huita pesa, na ni vigumu kusema kipi kilitangulia. Ninachokuomba uone ni kwamba kila mmoja alipoanguka, mwenzake hakulala. Usajili wa huyu ulipandisha usajili wa yule, jezi za huyu zikachochea jezi za yule, tamasha la Simba Day likazaa lile la Yanga, Wiki ya Mwananchi. Machi 8, 2025, dabi ilipoahirishwa siku yenyewe ya mchezo na kuja kuchezwa Juni 25, wauza vuvuzela, mahoteli na mabasi kutoka mikoani waliihisi kabla ya mhasibu yeyote. Mali kubwa kuliko zote ya Simba ni Yanga, na ya Yanga ni Simba. Haimo katika mizania ya yeyote kati yao.

Basi anayetaka kuwekeza apime nini? Gawio, yaani sehemu ya faida anayogawiwa mwenye hisa, nisingelitarajia mapema. Klabu za mpira, hata za Ulaya, huwa zinageuza kila ziada kuwa mshambuliaji mpya. Hisa za watani wetu haziuzwi Soko la Hisa la Dar es Salaam, kwa hiyo kutoka ni kugumu kuliko kuingia. Na hata zingeuzwa sokoni, soma masharti. Manchester United walipoingia soko la New York mwaka 2012, hisa ilikuwa dola 14, na aliyeinunua alipata kura moja kwa hisa huku hisa za familia ya Glazer zikiwa na kura 10 kila moja. Miaka 10 baadaye bei ilikuwa chini ya dola 14. Kisha mwaka 2024 Jim Ratcliffe akanunua sehemu yake kwa dola 33 kwa hisa, kwa sababu alichonunua yeye kilikuwa na usemi ndani yake. Hisa na usemi ni vitu viwili. Kwetu asilimia 49 ni sehemu kubwa yenye kura chache, na sidhani hilo ni baya, ila anayelipa alijue kabla ya kulipa.

Mkutano mkuu ujao wa klabu yako ukifika, hotuba zisikuchoshe. Omba nakala ya hesabu zilizokaguliwa, yaani zilizopitiwa na mkaguzi wa nje asiye na timu, au angalau asiyevaa jezi kazini. Usianze na faida. Nenda nyuma, kwenye maelezo ya herufi ndogo, utafute sehemu inayohusu miamala na wahusika wa karibu: pesa ambazo klabu imelipa au imelipwa na viongozi wake, wadhamini wenye viti ndani ya bodi, na kampuni zao. Zile kofia nne ziko hapo, moja moja, kila moja na kiasi chake.